Mama Tangazo wa Voi

Sokoni Voi palikuwa na mwanamke ambaye akiuliza bei ya nyanya, wauzaji walianza kufunga biashara. Nililiona jambo hilo kwa macho yangu. Alisema tu, "Hizi mnauza vipi?" na mama mmoja wa mboga, aliyekuwa ameinama amempa mgongo, akashtuka, akaanza kukusanya sukumawiki zake kwenye leso huku akiuliza, "Ni mto tena? Ni mto?" Wateja wakageuka. Mwanamume wa mkokoteni akasimama katikati ya njia.

"Ni nyanya," akasema yule mwanamke. "Nataka nyanya nne tu."

Hakuna aliyecheka mpaka alipoondoka. Baada ya siku ile akaanza kununua vitu kwa kunong'ona, na wauzaji wageni wakadhani ana maradhi ya koo.

Watu walimwita Mama Tangazo. Ndiye aliyekaa mbele kwenye pikapu ya ofisi yetu, maiki mkononi, spika mbili zimefungwa juu ya gari, akapita mtaa kwa mtaa kila palipotokea jambo: mto ukifura, kipindupindu kikiingia, ndovu wakivunja uzio, maji ya mfereji yakichafuka. Ofisi yenyewe ilikuwa moja ya zile za serikali ya karibu na mwananchi zinazoshughulika na majanga. Jina lake si muhimu hapa. Mimi nilikuwa karani wa mawasiliano, kijana wa milimani niliyetoka chuoni na tai mbili. Mimi niliandika, yeye akasoma. Au tuseme ukweli: mimi niliandika, na yeye akasema alivyoona yafaa.

Karatasi ya kwanza niliyompa nilikuwa nimeiandika kwa makini sana. "Wananchi wote wanaoishi katika maeneo hatarishi wanaombwa kuchukua tahadhari zote zinazofaa." Alivaa miwani, akaisoma mara mbili, akaivua.

"Mwanangu, maeneo hatarishi ni wapi?"

"Ni karibu na mto, mama."

"Umewahi kukutana na mtu akakwambia, mimi kwetu ni maeneo hatarishi?"

"Hapana."

"Basi hapa hujamwandikia mtu."

Nilikasirika. Lakini alasiri ile nilisimama dirishani nikamsikia akipita bondeni, na sauti yake ilikuja juu ya mabati yote ya mji kama iko chumba cha pili. "Nyinyi wa nyumba za chini ya daraja, kuanzia kwa fundi wa baiskeli mpaka penye kisima, naongea na nyinyi. Mto unapanda. Nendeni shule ya msingi, geti la nyuma liko wazi, mwalimu mkuu anajua mnakuja. Beba dawa. Beba kitambulisho. Beba blanketi. Kabati liache. Kabati halifi."

Kisha akarudia yote, polepole. Alirudia kila tangazo. Alisema mara ya kwanza watu husikia sauti, mara ya pili ndipo husikia maneno.

Alikuwa na misemo yake, mingine ya kuudhi. "Mtu haambiwi ahame, anaambiwa ahamie wapi," huo niliusikia mpaka nikauota. "Ukimwambia mtu asiogope, umeshamwambia kuna la kuogopa." Na mwingine ambao sikuuelewa kwa muda mrefu: "Tangazo ni kama kubisha hodi. Ukibisha, ungoje." Alimtaka dereva azime injini baada ya kila kituo, wakae kimya dakika chache, ili mwenye swali atoke nje aulize. Dereva alilalamika kwamba wanachelewa. Ofisi nayo ililalamika. Yeye aliendelea kungoja.

Hakuwa mtu wa Voi. Alikuja kutoka upande wa magharibi akiwa bibi arusi, akimfuata mume aliyefanya kazi ya reli, na mume alipofariki watu wa kwao walimtazamia arudi. Hakurudi. Sikuwahi kujua kwa nini. Alibaki katika chumba kilekile cha nyumba za reli, akiimba kwaya, na ofisi ilimwajiri kwa sababu kuna mkubwa mmoja wa zamani aliyemsikia kanisani akisoma matangazo siku ambayo umeme ulipotea, na watu wa nje wakasikia kila neno.

Kidawida, lugha ya watu wa milima ya Taita, alijifunza kwa masikio, sokoni. Alikizungumza vibaya kwa ujasiri mkubwa. Tulipopanda Werugha, huko milimani kwenye ukungu na baridi, kutangaza juu ya maporomoko ya udongo, alianza kwa kuwaamkia watu kwa lugha yao, na wanawake walitoka kwenye mashamba yao ya ngazi, wengine na ndoo za maziwa mkononi, wakashika viuno wakicheka. Mimi niliona haya kwa niaba yake. Nilimwambia, "Mama, wanakucheka. Niachie mimi, hiki ni Kidawida chetu."

"Waache wacheke," akasema. "Anayecheka amesimama. Wewe ukiongea vizuri hivyo watakusikia huku wakipalilia, na hawatakusikia."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku ile alipata rafiki pia, labda rafiki pekee niliyemjua: mama mmoja wa kabichi aliyeteremsha mboga Voi mara mbili kwa wiki. Wakaafikiana kwamba mvua ikiwa kubwa huko juu, mama wa kabichi atampigia simu. Maji ya milimani huchukua saa kadhaa kufika mjini, na saa hizo, alisema, ndizo mshahara wake wote.

Kishushe nilienda naye mara moja. Ng'ombe walikuwa wakifa kwa ugonjwa, na ilibidi watu waambiwe wasiwahamishe wala kula nyama yao. Barabara ilitutikisa asubuhi nzima. Hatukukutana na gari hata moja. Tulipofika mahali ambapo kwenye orodha yetu pameandikwa kijiji, tulikuta boma moja na mzee mmoja amekaa juu ya debe, mbuzi wawili pembeni. Wengine wote walikuwa mbali na mifugo. Dereva akasema tugeuze.

Mama Tangazo aliwasha maiki akasoma tangazo lote, mwanzo mpaka mwisho, kwa mzee yule mmoja, kutoka hatua kumi. Kisha akalirudia polepole. Mzee alisikiliza ameweka mikono magotini. Alipomaliza, mzee akauliza, "Na mbuzi?"

Akazima maiki, akashuka, akakaa chini karibu na lile debe, akamweleza habari za mbuzi kwa sauti ya kawaida. Walinywa chai ya maziwa. Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza kwa nini alitumia spika kwa mtu mmoja.

"Alikuwa amevaa koti," akasema. "Alisikia gari kwa mbali akaenda kuvaa koti. Unataka nimwambie hakustahili?"

Sasa niseme na upande mwingine, maana watu wakimkumbuka humfanya malaika, naye hakuwa. Alikuwa mkali. Hakupenda kelele hata kidogo. Jirani akiwasha redio alimgongea ukuta. Nyumbani kwake hapakuwa na redio wala televisheni. Simu alipokea ya mama wa kabichi na ya ofisi tu. Wengine waliacha kupiga. Aliweza kuwaambia watu elfu moja wapande shule ya msingi, lakini ukimwamkia asubuhi ukumbini alijibu kwa nyusi. Dereva, aliyekaa naye bega kwa bega miaka mingi, aliniambia kwamba yeye hajui hata jina la mtoto wa mama huyo.

Mwana alikuwepo, Nairobi. Nilimuuliza siku moja kama huja kumwona. "Alinisikia sana akiwa mdogo," akasema. "Amechoka." Nami sikuuliza tena. Leo nafikiri nilipaswa kuuliza.

Na aliogopa mto. Hakuvuka daraja kwa miguu hata siku moja. Alingoja gari.

Mwaka ule wa korona ndio uliomkausha. Alipita kwenye mji uliofungwa, mchana kweupe, akiambia milango ikae imefungwa. Hakuna aliyetoka kuuliza swali, kwa sababu tangazo lenyewe lilikataza kutoka. Alimwambia dereva azime injini vilevile, wangoje. Wakasikia mbwa. Karibu na msikiti kulikuwa na mzee mmoja wa Kiswahili, mtu wa pwani, aliyefungua dirisha la juu kila pikapu ilipopita akamjibu: "Tumesikia, mama. Nawe u hali gani?" Ndiye peke yake mjini aliyeuliza. Naye alijibu kupitia maiki, mtaa mzima ukisikia, "Mimi mzima, baba. Rudi ndani."

Siku moja dirisha halikufunguliwa, wala siku ya pili. Mzee alikuwa amefariki, si kwa korona, kwa moyo. Dereva aliniambia kwamba kwa miezi mingi baadaye Mama Tangazo alimwonyesha ishara ya mkono pale, apunguze mwendo.

Na makanisa yalipofunguliwa, watu waliogopa kukaa naye. Mtu anayezunguka kila mahali palipo na ugonjwa, walisema, hawezi kuwa salama. Alikaa benchi la watu wanne peke yake. Marufuku yakaisha, barakoa zikaisha, lakini lile benchi halikujaa tena. Lilishazoeleka kuwa lake.

Nimezunguka vya kutosha. Kuna jambo ambalo ndilo hasa linaloniandikisha haya.

Mvua za mwaka mmoja, si zamani sana, zilianza kwa upole, halafu milimani zikageuka. Siku hiyo, yapata saa kumi alasiri, Mama Tangazo aliingia ofisini kwangu bila hodi.

"Mama wa kabichi amepiga. Huko juu maji yamebeba kivuko na migomba. Yanashuka."

"Mkubwa yuko kwenye mkutano Taveta," nikasema. "Simu yake haishiki. Bila sahihi yake hatuwezi kutangaza."

"Sahihi yake inazuia maji?"

"Mama, ni utaratibu."

"Basi andika wewe."

"Sina mamlaka hayo."

Alinitazama kama mtu aliyeuliza njia akajibiwa na mgeni. Akatoka. Nikasikia pikapu ikiwaka. Dereva alinisimulia baadaye kwamba alimwambia, "Wewe shika usukani tu. Atakayeulizwa ni mimi."

Bondeni kote kulihama. Walilala madarasani, juu ya madawati na chini yake. Mto ulipanda mpaka ukingoni, ukagusa kuta za nyumba mbili za mwisho, ukasimama hapo. Kulipokucha ulikuwa umeshuka. Watu waliporudi walikuta milango imevunjwa. Wezi walikuwa wamepita, wamechukua majiko, magodoro, kuku. Wakaja ofisini kwa hasira. Mama Tangazo alisimama mlangoni nao wakamtukana, wale wale aliowahamisha. Mmoja alimwambia amewahamisha ili wenzake waibe.

Mkubwa alirudi adhuhuri. Alikuwa mtu wa kuongea Kiingereza, hasa akikasirika. Aliniambia habari za taharuki, na kwamba nitengeneze kitu cha kuwatuliza watu, kitu cha kuonyesha kwamba ofisi haikuhusika. Maneno yenyewe aliniachia.

Nilikaa nikaandika: "Tangazo lililotolewa jana halikuwa rasmi. Wananchi wanaombwa kupuuza tangazo lolote lisilo na idhini ya ofisi hii." Niliipenda sentensi ile, nakiri. Nilifikiri ina uzito.

Alipewa aisome mwenyewe, mitaa ileile. Hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yake. Alivaa miwani mbele ya meza yangu.

"Kupuuza," akasema. "Neno hili likishatoka, nani atalirudisha?"

"Ni lugha ya ofisi tu, mama."

"Mkubwa ndiye aliyelichagua?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Sijui kwa nini. Pengine niliogopa macho yake, na mkubwa alikuwa ofisini kwake, asingesikia.

Akakunja karatasi, akaenda. Nilisimama dirishani kama kawaida. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakubadilisha neno. Alisoma kama nilivyoandika, kwa sauti nzuri iliyo wazi kabisa, kisha akarudia yote polepole.

Wiki tatu baadaye mto ulikuja kweli. Safari hii kila kitu kilikuwa sawa: onyo lilifika asubuhi, mkubwa alikuwepo, sahihi ikawekwa, muhuri ukagongwa. Saa nne pikapu ilikuwa bondeni. Mimi nilikuwemo, nilipanda nyuma, sijui nilitaka kuthibitisha nini.

Watu walitoka wakasimama milangoni wamekunja mikono. Mwanamume mmoja akapaza sauti, "Hilo ni rasmi, ama ni la kupuuza?" Wengine wakaangua kicheko. Neno lilikuwa limeshakuwa mzaha wa mtaa. Nilisikia baadaye kwamba watoto walikuwa wakiitana nalo.

Mama Tangazo aliiweka chini karatasi ya tangazo. Akashuka, akaanza kuingia nyumba kwa nyumba kwa miguu, bila spika. Mimi nikachukua upande wa pili. Wengi tuliwatoa kwa kuwasihi, wengine kwa kuwabebea vitu. Karibu kabisa na daraja alikaa mama mmoja aliyeuza uji kwa mafundi. Nilikuwa hatua chache nikawasikia.

"Mama Tangazo, juzi nilihama nikaibiwa sufuria na jiko. Nimenunua jingine. Leo sihami."

"Hili nitakubebea mimi."

"Nikihama kila unapoongea, nitapika saa ngapi?"

"Leo tu. Nakuomba."

"Wewe si ulituambia mwenyewe tukupuuze?" Alisema kwa upole, hata alitabasamu. Hakuwa na ubaya naye. "Nenda kwa hao wenye watoto wadogo. Mimi nikiona maji nitatoka."

Maji yalifika saa nane. Hayakuja kwa namna ya mtu kuyaona kwa mbali akatoka. Yalifika na magogo, na sauti kama lori likimwaga mawe. Watu wote tuliowahamisha walikuwa juu shuleni wakiyatazama. Mama wa uji alipatikana siku ya pili, mbali chini, upande wa mashamba ya mkonge.

Kwenye mazishi Mama Tangazo alikaa nyuma kabisa, nje ya hema, juani. Ndugu wa marehemu alimwendea akamwomba asome ratiba kwa kuwa spika ilikuwa imeharibika na watu wa nyuma hawasikii. Nilidhani atakataa. Alisimama akasoma. Nyimbo, salamu, majina ya watoto. Alisoma mara moja tu, hakurudia.

Alimalizia mkataba wake. Hakuongezewa, na hakuomba. Ofisi ilihamia kwenye meseji za simu, na mimi ndiye niliyeziandika. Nilijitahidi kutaja mahali, kutaja shule, kutaja geti. Sijui waliozisoma walikuwa wangapi. Ukituma meseji husikii mlango ukifunguliwa. Spika zilishushwa kwenye pikapu zikawekwa stoo, na mwaka mmoja baadaye nami nikaacha kazi ile nikapata nyingine Mwatate.

Mwaka huu, mwezi wa mvua, niliteremka Voi kwa shughuli nyingine nikajikuta nimesimama mbele ya zile nyumba za reli. Nilikuwa nimeshapita pale mara nyingi bila kusimama. Mlango wake ulikuwa umeegeshwa. Nikapiga hodi.

Alinitambua. Alikuwa amekonda, na nywele zote zimekuwa nyeupe, lakini alinyanyua nyusi zake vilevile. Akanionyesha kiti, akaweka maji kwenye jiko la gesi. Chumba kilikuwa safi na kimya. Sikuweza hata kungoja chai.

"Mama, lile neno. La kupuuza. Nilikwambia mkubwa ndiye aliyelichagua."

"Ndiyo."

"Nilikudanganya. Ni mimi."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Mkubwa hakuwa na Kiswahili cha kusema kupuuza. Angesema msijali." Alipanga vikombe. "Nilijua palepale mezani. Nilikuuliza ili useme."

Kwa miaka yote nilikuwa nimeandaa maneno ya baada ya hapo, ya kuomba msamaha, na yote yalikauka.

"Mimi ninalo langu," akasema, bado amenipa mgongo. "Unakumbuka nilivyobadilisha karatasi zako zote? Hakuna hata moja niliyoisoma kama ilivyo. Ile ningeweza kuimeza. Ningekohoa tu pale, nani angejua? Maiki ilikuwa mkononi mwangu, si mwako wala mwa mkubwa. Lakini wale watu walikuwa wamenitukana, kwa ajili ya majiko. Nikasema moyoni, haya basi, nipuuzeni. Nikalisoma vizuri. Sijawahi kusoma kitu vizuri kama kile."

Maji yalichemka. Akayaacha yachemke.

"Yule mama wa uji alilisikia," akasema. "Alilisikia vizuri kabisa."

Nilitaka kumwambia kwamba si kosa lake, lakini nilijua angeniuliza basi ni la nani, na sote wawili tulikuwemo chumbani. Mwishowe akamimina chai, akanipa, akakaa kitandani, akanitazama.

"Umekuja kwa hilo tu?"

Nilitazama kile chumba. Kiti kilikuwa kimoja. Kikombe changu kilikuwa na vumbi pembeni, hakijatumika siku nyingi. Nikaelewa kwamba nilipopiga hodi alidhani mtu amekuja kumtembelea.

"Hapana, mama," nikasema. "Nimekuja kukuona."

Alijua nadanganya, kama alivyojua mara ya kwanza. Safari hii hakunisuta. "Basi vua viatu ukae vizuri," akasema.

Nilikaa mpaka jua likaanza kuteremka. Aliniuliza kama nimeoa, watoto wangapi, wanaitwaje, na mdogo anasoma darasa la ngapi. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi na hakuwahi kuuliza, wala mimi, zaidi ya lile swali moja la mwanawe, sikuwahi kumwuliza yake. Akanieleza kwamba mama wa kabichi aliacha kuteremka mjini, miguu imemshinda. Akanieleza jinsi mumewe alivyokuwa akipiga mluzi akitoka kazini, ili ajue aweke sufuria motoni. Aliupiga ule mluzi, kidogo tu, akacheka, akafunika mdomo. Sikuwahi kumsikia akicheka.

Nilipotoka, mwanamke wa chumba cha pili alikuwa akianua nguo kambani. Alikuwa mgeni mtaani, bado kijana, na mtoto mgongoni. Alinisimamisha kwa mkono.

"Samahani, kaka. Wewe ni ndugu yake huyo mama?"

"Kwa nini?"

"Leo nimesikia sauti humo. Nimekaa hapa tangu mwaka jana, namwamkia kila siku, ananijibu kwa nyusi. Sisi tulidhani ni bubu."

Nilifungua mdomo kumweleza kila kitu, habari ya pikapu na mji mzima, nikaona jua limeshuka na mtoto anaanza kulia.

"Anaongea," nikasema. "Ukimwamkia, usiondoke haraka. Ungoje kidogo."

"Anaitwa nani?"

Nikamtajia jina lake, lile la kwenye kitambulisho. Alilirudia mara mbili ili asilisahau, kisha akaweka nguo begani, akaenda kusimama mbele ya ule mlango ulioegeshwa.